Majengo ya Kihistoria, Ubomoaji na Kodi ya Majengo Mijini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Jengo la zamani likibomolewa, watu husema mengi: tamaa ya mwenye mali, uzembe wa jiji, kizazi kisichojali historia. Mara nyingi yote hayo yamo. Karatasi ambayo wachache hukumbuka kuifungua ni hati ya madai ya kodi, na kwa maoni yetu ndiyo ingepaswa kusomwa kwanza.

Majibu haya ni ya maswali yanayorudiwa na wenye nyumba, warithi, majirani na watetezi wa majengo ya kale. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, hata kati ya mji na mji. Mifano iliyotajwa inaonyesha namna mambo yanavyokwenda. Haichukui nafasi ya sheria ya mahali ulipo.

## Mambo ya msingi

1. Jengo la urithi ni lipi? Ni lazima liwe la kale sana?

Kisheria, jengo la urithi ni lile ambalo mamlaka husika imeliandika kwenye orodha yake. Nyumba inaweza kuwa na miaka 200 na isiwe na ulinzi wowote, na jirani yake ya miaka 40 ikawa imelindwa. Jengo la Seagram la New York, ghorofa la vioo na shaba lililokamilika mwaka 1958, liliingizwa kwenye orodha ya jiji mwaka 1989.

Umri ni kigezo kimoja tu. Wathamini wa urithi huangalia pia usanifu, ufundi, matukio yaliyopita hapo, na nafasi ya jengo katika sura ya mtaa mzima. Dhana yenyewe imepanuka polepole. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 ilianza na makaburi na mawe ya kale kabisa, na ni sheria ya mipango miji ya 1947 iliyoweka msingi wa orodha ya majengo wanamoishi na kufanyia kazi watu. Leo orodha ya urithi ya England ina takriban maingizo 400,000.

2. Jengo likishaorodheshwa, siwezi tena kugusa hata msumari?

Unaweza, ila uombe kibali kwanza. Kuorodheshwa hakugandishi jengo. Kunahamisha uamuzi wa mwisho kutoka kwako peke yako hadi kwako pamoja na mamlaka. Kinacholindwa ndicho kinachotofautiana. England, ulinzi hugusa jengo zima, ndani na nje. New York, kwa kawaida hulindwa sura ya nje, na ndani huorodheshwa kwa uamuzi wa pekee.

Kuna orodha nyingine za heshima tu. Rejista ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria ya Marekani, iliyotokana na sheria ya mwaka 1966, haimzuii mwenye mali binafsi kubomoa kwa fedha zake mwenyewe kama hakuna fedha wala kibali cha serikali kuu kinachohusika. Watu wengi hugundua hili wakati vumbi limeshatimka. Kinachozuia ubomoaji huko kwa kawaida ni sheria ya mji, kwa hiyo ukiambiwa jengo “limo kwenye orodha”, uliza ni orodha ya nani.

3. Likiwa kwenye orodha ya UNESCO, si liko salama?

Hapana. Mkataba wa mwaka 1972 unazifunga nchi zilizousaini, lakini UNESCO haina polisi wala mahakama ya kusimamisha mashine. Silaha yake kubwa ni aibu. Bonde la Elbe mjini Dresden liliondolewa kwenye orodha mwaka 2009 kwa sababu ya daraja, na bandari ya Liverpool mwaka 2021 kwa sababu ya majengo mapya. Daraja lilijengwa, na Liverpool ujenzi ukaendelea.

4. Kodi ya majengo hukokotolewa vipi?

Thamani iliyokadiriwa mara kiwango cha kodi. Ugomvi wote uko kwenye neno “thamani”, kwa kuwa mthamini ana njia tatu. Anaweza kulinganisha na mali zinazofanana zilizouzwa karibuni. Anaweza kuangalia pango ambalo jengo huingiza. Au anaweza kukadiria gharama ya kulijenga upya na kutoa uchakavu. Jengo la kihistoria husumbua njia zote tatu: wenzake wa kulinganishwa nao ni wachache, pango lake mara nyingi ni dogo, na gharama ya kulijenga upya kwa mawe na mbao zilezile inaweza kuwa ya kutisha.

## Jinsi kodi inavyosukuma tingatinga

5. Karatasi ya kodi inawezaje kuangusha nyumba?

Kwa kuthamini kiwanja kulingana na kile kinachoweza kujengwa juu yake, huku kilichopo kikipuuzwa. Wathamini huita hilo matumizi yenye faida kubwa zaidi, nayo ni kanuni iliyoenea sana. Chukua nyumba ya ghorofa mbili katikati ya mji. Inaingiza pango la 20 kwa mwaka na kula matengenezo ya 8 (weka fedha yoyote unayotaka). Ikithaminiwa kama ilivyo, thamani ni 300. Kwa kiwango cha asilimia 1.5, kodi ni 4.5, na mwenye nyumba anabaki na 7.5.

Sasa jiji linabadili mpango wa matumizi ya ardhi na kuruhusu ghorofa 40 mtaani hapo. Nyumba haijaongezeka hata tofali, wapangaji ni walewale. Kiwanja kinathaminiwa 1,000, kodi inakuwa 15, na mwenye nyumba anapata hasara ya 3 kila mwaka. Mwaka wa kwanza atakopa. Wa pili ataacha kukarabati paa. Wa tatu atapokea simu ya mwendelezaji, na atakayelaumiwa ni mwendelezaji.

Ndiyo maana tunasema uamuzi wa kubomoa mara nyingi hufanyika miaka kadhaa kabla ya kibali cha kubomoa kuombwa, katika ofisi mbili zisizozungumza: ya mipango miji na ya uthamini. Mji unaoruhusu maghorofa marefu kwenye mtaa wa kihistoria kisha ukashangaa nyumba zinaporomoka umejisahau.

6. Kwa nini baada ya kubomoa, wengi huacha kiwanja kitupu au maegesho ya magari?

Kwa sababu pale ambapo jengo nalo hutozwa kodi, kuliondoa kunapunguza deni. Kiwanja kitupu hakihitaji mlinzi wa ndani, bima ya moto wala fundi bomba, na magari huleta fedha kidogo ya kulipia kodi iliyobaki huku mwenyewe akisubiri bei ipande.

Hesabu hii ni ya zamani. Uskochi, wenye majumba makubwa waling’oa mapaa kwa makusudi ili jengo lihesabiwe gofu lisilotozwa. Ngome ya Slains iliondolewa paa mwaka 1925. England na Wales zilijikuta na tatizo la aina hiyo mwaka 2008, unafuu wa kodi kwa majengo matupu ya biashara ulipopunguzwa. Baadhi ya wamiliki wa maghala na viwanda vilivyokosa mpangaji waliona heri kubomoa kuliko kulipia utupu. Majengo matupu yaliyoorodheshwa yaliachiwa msamaha wake, jambo ambalo lina kasoro yake (tazama swali la 17).

7. Basi tutoze ardhi tu, tuache majengo. Si itatatua?

Nusu ya tatizo, ndiyo. Hoja hii inahusishwa na Henry George, Mmarekani wa karne ya 19: ukitoza ardhi na kuacha kilichojengwa, huwaadhibu wanaojenga wala wanaokarabati, na anayekaa na kiwanja kitupu hulipa sawa na jirani yake mwenye ghorofa. Pittsburgh ilitoza ardhi kwa kiwango cha juu kuliko majengo tangu 1913 hadi 2001. Maegesho ya kusubiria bei hayana raha chini ya kodi kama hiyo.

Lakini soma tena hesabu ya swali la 5. Nyumba fupi kwenye ardhi ghali ndiyo inayoumia zaidi ardhi ikibeba mzigo wote. Wapenzi wa kodi ya ardhi na wapenzi wa majengo ya kale hugombana bila sababu hapa, kwa kuwa mambo hayo mawili yanapatana kwa sharti moja: ardhi ithaminiwe kwa kile ambacho sheria inaruhusu kujengwa. Kiwanja chenye jengo lisiloruhusiwa kubomolewa hakina thamani ya ghorofa 40, na mthamini asikiandikie hivyo.

8. Ni kodi ya majengo tu yenye madhara haya?

La. Kodi ya ongezeko la thamani inaweza kufanya kazi hiyohiyo kimyakimya. Uingereza, nyumba mpya ya kuishi hujengwa kwa kiwango cha sifuri, ilhali ukarabati kwa kawaida hutozwa asilimia 20. Hata marekebisho yaliyoidhinishwa kwenye nyumba zilizoorodheshwa, ambayo zamani yalikuwa na kiwango cha sifuri, yaliondolewa unafuu huo Oktoba 2012. Fundi anayeokoa dari ya karne ya 18 anatozwa. Anayeibomoa na kujenga upya kuanzia msingi hatozwi. Hakuna waziri aliyekaa akapanga iwe hivyo, lakini ndivyo bei inavyosema.

Marekani ilijaribu kurekebisha upande wa kodi ya mapato. Sheria ya kodi ya mwaka 1976 iliwanyima wamiliki wa majengo ya kihistoria yaliyothibitishwa haki ya kukata gharama za ubomoaji kwenye mapato yao, na papo hapo ikawapa unafuu wakikarabati. Mwaka 1984 katazo hilo la ubomoaji likapanuliwa kwa majengo yote. Kabla ya hapo, hazina ya taifa ilikuwa ikichangia kubomoa.

Kodi ya mirathi ina sura yake. Tazama swali la 20.

9. Kuna mahali ambapo kodi huzuia watu kubomoa?

Japani. Kiwanja chenye nyumba ya kuishi hupata punguzo kubwa: kwa sehemu isiyozidi mita za mraba 200, thamani inayotozwa kodi ya mali hushushwa hadi moja ya sita. Ukiibomoa nyumba, punguzo linaondoka. Kwa hiyo nyumba zisizo na watu, zisizo na uzuri wowote wa kihistoria, zimeachwa zikioza kwa sababu gofu lina faida kuliko kiwanja safi. Sheria iliyoanza kutumika kikamilifu mwaka 2015 imewezesha manispaa kuondoa punguzo kwa nyumba tupu zilizo hatarini, na marekebisho ya 2023 yaliongeza zile zisizotunzwa ipasavyo.

Huu ndio mfano wa kumwonyesha anayedhani kodi inayozuia kubomoa ni sawa na kodi inayohifadhi. Kusimama peke yake hakutoshi. Mtu akae humo, alitunze.

10. Je, kodi imewahi kubadili sura ya majengo yanayobaki?

Mara nyingi. England ilitoza madirisha kuanzia 1696 hadi 1851, na hadi leo zipo nyumba zenye madirisha yaliyozibwa kwa matofali. Ufaransa ilitoza milango na madirisha kuanzia 1798 hadi 1926.

Kisa cha karibu zaidi ni cha Seagram. Jengo lilikuwa la gharama kubwa kuliko kawaida, nalo liliacha sehemu ya kiwanja wazi kwa wapita njia. Jiji likalithamini kwa kutazama gharama ya ujenzi badala ya pango lake. Kampuni ikaenda mahakamani, ikashindwa katika mahakama ya juu ya jimbo mwaka 1964. Wasanifu walilalama kwamba uzuri umetozwa kodi, na hatuoni namna ya kuwapinga.

## Unafuu wa kodi

11. Ni unafuu wa aina gani hutolewa kwa wanaohifadhi?

Aina kuu ni tatu, na tofauti zake zina maana kubwa mfukoni.

Ya kwanza hupunguza kodi ya mapato kwa kiasi ulichotumia kukarabati. Marekani hutoa punguzo la kodi la asilimia 20 ya gharama zinazokubalika kwa majengo ya kihistoria yanayoingiza kipato, linalogawanywa katika miaka 5. Ujerumani humruhusu mwekezaji kukata gharama zilizothibitishwa kwa asilimia 9 kila mwaka kwa miaka 8, kisha asilimia 7 kwa miaka 4, hadi zote ziishe. Ufaransa ina unafuu unaotokana na sheria ya Malraux ya mwaka 1962, sheria ileile iliyowezesha mitaa mizima kama Marais ya Paris kulindwa badala ya jengo mojamoja.

Ya pili hugusa kodi ya majengo yenyewe. California ina Sheria ya Mills ya mwaka 1972: mwenye nyumba huingia mkataba na mji kwa angalau miaka 10, unaojiongeza kila mwaka, akiahidi kutunza. Kwa malipo hayo jengo huthaminiwa kwa njia ya kipato badala ya bei ya soko. Tunaipenda zaidi kwa sababu inaponya palepale penye jeraha la swali la 5.

Ya tatu ni ruzuku, yaani fedha taslimu. Ni rahisi kueleweka, na ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti ikibana.

12. Jengo langu ni la kihistoria, kwa nini nimenyimwa?

Sababu zinazojirudia ni hizi. Unaishi humo, na unafuu ni wa majengo ya biashara (punguzo la asilimia 20 la Marekani ni mfano). Ulianza kazi kabla ya kuidhinishwa. Ulibadili madirisha ya mbao kwa ya plastiki, ukavunja masharti ya ukarabati. Au ulitumia fedha kidogo mno: Marekani hudai gharama za ukarabati zizidi thamani ya jengo vitabuni, bila ardhi, au dola 5,000, kiasi kilicho kikubwa zaidi kati ya hivyo viwili.

Kuna sababu nyingine inayouma. Punguzo la kodi halimsaidii asiye na kodi ya kukatwa. Mjane mwenye nyumba ya thamani na pensheni ndogo hafaidiki. Kampuni yenye faida nono hufaidika. Nchi inayotegemea mapunguzo peke yake huwahifadhia waliojiweza.

13. Kuorodheshwa kunashusha thamani ya nyumba? Basi kodi nayo ishuke?

Inategemea pengo kati ya kilichopo na kinachoruhusiwa. Mtaa wa nyumba za ukubwa mmoja, ambako hakuna aliyekuwa anafikiria ghorofa, kuorodheshwa kunaweza hata kupandisha bei: mnunuzi ana uhakika kwamba jirani hatajenga ukuta mbele ya dirisha lake. Nyumba fupi kwenye kiwanja cha ghorofa 40 hupoteza thamani ya matumaini, nayo inaweza kuwa sehemu kubwa ya bei.

Kama umeorodheshwa na tathmini yako haijabadilika, kata rufaa. Peleka barua ya kuorodheshwa, mpango wa matumizi ya ardhi, hesabu za pango na matengenezo, na makadirio ya fundi kwa kazi ambazo sheria inakulazimisha kuzifanya. Usipeleke hotuba kuhusu babu zetu. Mthamini hana safu ya kuandikia hiyo.

14. Unafuu wa mwenye jengo analipa nani?

Walipa kodi wengine. Mji ukipunguza kodi ya mtaa mmoja, ama huduma hupungua au viwango hupanda kwingine. Swali la haki ni halali, hasa pale jumba linapokarabatiwa kwa msaada wa umma kisha lango likafungwa na umma ukabaki kulitazama juu ya ukuta. Baadhi ya nchi hudai malipo: siku za kufungulia wageni, au mkataba wa kurudisha unafuu jengo likiuzwa mapema. Kwa maoni yetu unafuu usio na mkataba ni zawadi, na zawadi kwa matajiri haitetewi kwa kuipaka rangi ya historia.

15. Kuuza haki za kujenga juu ya jengo ni nini?

Ni njia ya kumruhusu mwenye jengo fupi lililolindwa auze kile ambacho angeruhusiwa kujenga juu yake. Tuseme mpango unaruhusu ghorofa 20 na jengo lina 4. Zile 16 zinaweza kuuzwa kwa kiwanja kingine, ambacho kitapanda zaidi ya kawaida. Mwenye jengo anapata fedha za ukarabati na hazina haitoi hata senti. New York na Mumbai zina mifumo ya aina hii.

Hufaulu tu pale ambapo nafasi ya kujenga ni ghali na jiji haliigawi bure. Mji ukiruhusu kila mtu kujenga atakavyo, nani atanunua ghorofa za angani?

## Kubomoa, kuacha kuoza, na ujanja wa katikati

16. Serikali ikinizuia kubomoa, naweza kuidai fidia?

Kesi maarufu zaidi ni ya stesheni ya Grand Central, New York. Chimbuko lake ni hasara: stesheni ya Pennsylvania, iliyofunguliwa mwaka 1910, ilianza kubomolewa mwaka 1963, na hasira ya watu ikachangia kuzaliwa kwa sheria ya jiji ya 1965. Kampuni ya reli ya Penn Central ilipotaka kupandisha mnara juu ya Grand Central, tume ya urithi ikakataa. Kampuni ikadai imenyang’anywa mali bila fidia. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba haikunyang’anywa: stesheni iliendelea kutumika kama zamani, na haki za ujenzi (swali la 15) zingeweza kuhamishiwa viwanja vingine.

Usiuchukue uamuzi huo kuwa sheria ya dunia. Lakini swali lake ni zuri kuulizwa popote: mwenye mali ameachiwa matumizi yenye maana, au ameachiwa mzigo mtupu?

17. Mwenye nyumba akibomoa kabla ya kuorodheshwa, au akiliacha lioze makusudi?

Kubomoa haraka ni ujanja wa zamani. Kiwanda cha Firestone magharibi mwa London, cha mwaka 1928, kiliangushwa wakati wa mapumziko ya Agosti 1980 huku kuorodheshwa kukiwa kunasubiriwa. Kelele zilizofuata ziliharakisha ulinzi wa majengo mengine ya kipindi hicho. Dawa ni ulinzi wa muda. Huko England mamlaka ya mtaa inaweza kutoa notisi inayolinda jengo kwa miezi 6 wakati uchunguzi unaendelea. Mbona hazitolewi mara nyingi? Jengo lisipoorodheshwa, mamlaka inaweza kudaiwa fidia, na hazina za miji zina woga. Kwa upande wa pili, mwenye mali wa huko anaweza kuomba hati ya kutoorodheshwa kwa miaka 5 ili apange mambo yake bila wasiwasi.

Adhabu nayo ina maana ikiwa kubwa kuliko faida. Baa ya Carlton Tavern ya London ilibomolewa bila kibali mwaka 2015. Wamiliki wakaamriwa kuijenga tena kama ilivyokuwa, na ikafunguliwa mwaka 2021. Kisa kile kinawafikirisha waendelezaji kuliko faini.

Kuoza ni kugumu zaidi kukuthibitisha, maana hakuna siku moja ya kosa. Bomba la mvua huziba, maji huingia, miaka 10 baadaye mhandisi huandika kwamba jengo ni hatari, na kibali cha kubomoa hutoka kwa sababu ya usalama. Sheria ya England ya mwaka 1990 huruhusu notisi ya matengenezo na, ikipuuzwa, mali kuchukuliwa kwa lazima, kwa fidia ndogo ikithibitika uzembe ulikuwa wa makusudi. Hapa ndipo ule msamaha wa majengo matupu yaliyoorodheshwa (swali la 6) unapogeuka: mwenye jengo la biashara hulipa akiweka mpangaji, halipi akiliacha tupu. Tungependa msamaha kama huo uwe na ukomo, na uambatane na ripoti ya hali ya paa kila mwaka.

18. Vipi tukibakiza uso wa mbele na kujenga ghorofa nyuma yake?

Mwafaka unaopendwa na mikutano, kwa kuwa kila upande huondoka na kitu. Mara chache ni wa lazima, kama ndani kuliungua. Mara nyingi ni ubomoaji wenye adabu. Ngazi, vyumba, ua na namna watu walivyoishi vimekwenda. Kilichobaki ni picha ya mawe. Kwa upande wa kodi, uliza kabla ya kusaini: mthamini anaweza kuliona jengo jipya, na idara ya urithi isione tena jengo la kihistoria. Utakosa kote kuwili.

19. Jengo jipya si hutumia umeme kidogo?

Linaweza. Lakini saruji, chuma na vioo vyake vimeshatoa hewa ukaa kabla taa ya kwanza kuwashwa, na kifusi cha la zamani kinakwenda jalalani. Hesabu ya haki hujumlisha yote mawili, na ikifanywa hivyo jengo la zamani lililozibwa nyufa na kuwekewa paa zuri hufanya vizuri kuliko linavyodhaniwa. Si kila mara.

## Hali za pekee

20. Tumerithi nyumba ya kihistoria, tuko ndugu wengi, na kodi inadaiwa. Tufanye nini?

Kwanza zuieni deni lisikue, maana riba na adhabu huwalazimisha warithi kuuza haraka kuliko tofauti zao. Ombeni kulipa kwa awamu. Pili, tengenezeni umiliki: nyumba iliyobaki kwa jina la marehemu kwa kawaida haiwezi kuomba unafuu, mkopo wala kibali, kwa kuwa hakuna mwenye mamlaka ya kutia sahihi. Tatu, pateni tathmini mbili, moja ya nyumba kama ilivyo na moja ya kiwanja kwa yale yanayoruhusiwa. Ndugu anayetaka kuuza na anayetaka kubaki mara nyingi wanabishana juu ya namba mbili tofauti bila kujua.

Penye kodi ya mirathi, kama Japani, deni hilo limewafanya warithi wengi wa nyumba za mbao za Kyoto wauze. Angalieni kama sheria yenu ina nafuu kwa mali ya urithi kabla ya kumpigia dalali.

21. Wapangaji wangu wanalipa pango lililogandishwa miaka mingi. Nitakarabati kwa nini?

Swali la haki, na ni chanzo cha uchakavu ambacho watetezi wa urithi hawapendi kukitaja. Sheria ya pango ya Bombay ya mwaka 1947 iliwalinda wapangaji na kuacha majengo mengi bila fedha ya kupigia hata plasta. Singapore nayo ilikuwa na udhibiti wa pango tangu 1947, ikauondoa mwaka 2001, na imehifadhi majengo zaidi ya 7,000. Nyumba zilipona, wakazi na biashara nyingi za zamani zilihama. Anayetaka vyote viwili itabidi amlipe mtu tofauti hiyo, na mara nyingi mtu huyo ni jiji.

22. Nyumba ya ibada hailipi kodi. Kwa nini nayo inabomolewa?

Kwa sababu isiyolipa kodi haina kodi ya kupunguziwa (swali la 12), na waumini wakihama, sadaka huhama nao. Ruzuku au matumizi ya pamoja, kama shule ya muziki siku za wiki, husaidia zaidi. Hakikisheni kwanza kwamba shughuli hiyo haiondoi msamaha wenyewe.

23. Jengo limeungua na kubaki kuta. Bado ninadaiwa?

Kwa ardhi, karibu kila mahali ndiyo. Kwa jengo, omba tathmini mpya mara moja, pamoja na picha na ripoti ya zimamoto. Usisubiri mzunguko ujao wa uthamini. Usibomoe kuta bila kibali hata kama zinatisha: kuorodheshwa hakufutwi na moto. Mtake mhandisi mwenye uzoefu wa majengo ya kale aandike kipi kifungwe mihimili na kipi kishushwe, kisha peleka ripoti yake kwa idara ya urithi na kwa kampuni ya bima siku moja. Bima ikiwa ilikatwa kwa thamani ya soko badala ya gharama ya kujenga upya, fedha hazitatosha, na hapo ndipo ombi la ruzuku linapaswa kuandikwa.